Jani la Isale Kwenye Kitabu cha Mahututi

Wapo wanaoonea wivu mashamba ya watu, wapo wanaoonea magari. Mimi niliuonea wivu mwandiko. Ulikuwa mwandiko wa kalamu ya kijani, herufi za mviringo zilizosimama wima, na ulijaa kwenye kingo za kitabu kidogo cha jalada la bluu ambacho mume wangu alikuwa akikileta nyumbani kila Jumamosi. Mimi ni mwalimu, miandiko ndiyo kazi yangu. Sikuhitaji kuambiwa kwamba ule ulikuwa wa mwanamke.

Mume wangu alikuwa mwanafunzi wa udaktari. Hakuwa kijana tena. Tulikuwa tumeshaoana, na kabla ya hapo alikuwa tabibu kwenye zahanati moja upande wa Mkuu, Rombo, akitibu malaria na vidonda vya mapanga. Mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati mambo yalikuwa yamefunguka na kila mtu anatafuta pa kupenyea, akapata nafasi ya kusomea udaktari kamili Moshi mjini. Siku za wiki alilala bwenini. Jumamosi alipanda kwetu Old Moshi, nilikokuwa naishi na mama yake kwenye kihamba cha familia, shamba la migomba na kahawa mpaka mlangoni, nikifundisha darasa la pili kwenye shule iliyo juu kidogo ya nyumba. Mtoto tulikuwa bado. Yeye aliniita Mwalimu, hata mbele za watu, na nilipenda.

Jumamosi moja alifika, akavua viatu, akasema amepangiwa wodi ya wagonjwa mahututi.

"Ndiyo wodi gani hiyo?" mama mkwe akauliza. Alikuwa anamenya ndizi za mtori.

"Ni ya wale wanaosaidiwa kupumua na mashine, mama."

Mama mkwe akaweka kisu chini. "Mashine ndiyo inawapumulia! Na wewe unafanya nini humo?"

"Najifunza."

"Basi usiguse kitu," akasema, akaendelea na ndizi zake.

Baadaye, tukiwa tunakata majani ya ng'ombe, ndipo mume wangu akaniambia shida yake. Kila asubuhi daktari bingwa alipita kitanda kwa kitanda na wanafunzi nyuma yake, na kwenye kila kitanda alikuwa na swali. Ukibabaika, alikuuliza mbele ya manesi kama ulikuja wodini kutembea. Vitabu vya rejea vya maktaba vilikuwa vichache, vimepigwa mhuri visitolewe nje, na aliyewahi ndiye aliyekalia kitabu mpaka jioni. Kila mmoja alipaswa kujitafutia chake.

"Na si kitabu chochote," alisema. "Cha wodini si cha kusoma mwanzo mpaka mwisho, Mwalimu. Ni cha kuuliza swali umesimama, kikakujibu hapo hapo."

Hilo la mwisho lilinipita. Nilichosikia ni kwamba mume wangu hana kitabu, na moyo wangu ukaruka. Miezi yote ile nilikuwa nimekaa pembeni ya maisha yake nikisikia habari za mashine na damu na Kiingereza cha mabingwa, bila kuwa na la kuchangia zaidi ya kupiga pasi koti jeupe. Lakini kitabu! Kwenye vitabu nilikuwa mwenyeji. Nikamwambia asihangaike, kitabu nitachagua mimi.

Siku hizo kwenye soko la mitumba la Kiboriloni kulikuwa na mzee mmoja aliyeuza vitabu vilivyokuja kwenye marobota, vingine vimepitia Tarakea kutoka ng'ambo ya mpaka. Alivitandaza kwenye turubai, riwaya za Kizungu pembeni ya vitabu vya kufuga nyuki. Nilimwambia nataka cha wagonjwa mahututi. Akainua kimoja kinene, jalada gumu, karatasi zinang'aa. Kwenye jalada maneno ya uangalizi wa mahututi yalikuwepo kwa Kiingereza, makubwa kabisa, na mbele yake neno moja jingine ambalo sikulijua, nikadhani ni madoido ya wachapishaji.

Nilikichunguza kama mwalimu anavyochunguza. Nilisoma dibaji yote nimesimama juani. Ilikuwa dibaji nzuri, yenye huruma, inayosema kwamba mgonjwa asiyeweza kusema bado anasema. Ndani kulikuwa na picha za mirija, mashine na michoro ya mawimbi. Nikaona na kitoto kimelala ndani ya sanduku la kioo, nikasema afadhali, hata watoto wamo, kitabu kimekamilika. Nilikibeba kifuani mpaka nyumbani, na kwenye ukurasa wa kwanza nikaandika kwa mwandiko wangu bora wa ubaoni: *Kwa mume wangu, ili asibabaike. Ni mimi, Mwalimu wako.*

Alipokifungua alilitazama jalada tena. Akageuza ukurasa mmoja, akageuza mwingine. Kisha akasema, "Aika, asante, mke wangu. Hiki ndicho." Mama mkwe akataka kukipima mkononi, akasema kina uzito wa kuku. Jumapili mume wangu akateremka nacho, nami nikabaki nimejaa sifa wiki nzima, watoto wa darasa la pili wakanufaika, sikumchapa mtu.

Jumamosi iliyofuata akaja na cha bluu.

Kilikuwa kidogo kiasi cha kuingia mfuko wa koti, jalada limelegea, pembe zimeviringika kwa kushikwashikwa. Aliketi nacho kwenye benchi la nje na hakuinua uso hata ugali ulipopoa. Nikamuuliza kimetoka wapi.

"Nimeazimwa. Kuna mwenzangu mmoja ameshapita wodi ile, anajua bingwa anauliza nini. Ndiye amenichagulia."

Amenichagulia! Nilikuwa na sufuria mkononi, nikaiweka chini taratibu ili isipige kelele.

"Na kile changu?"

"Kipo bwenini. Kile ni kikubwa, ni cha kusomea mezani."

Alipokwenda kuoga nikakichukua cha bluu. Hapo ndipo nilipokutana na kalamu ya kijani. *Hii lazima ataiuliza!* *Kaka, anza na jedwali hili, hayo ya juu achana nayo.* *Usichanganye na ya ukurasa wa nyuma, mimi niliaibika.* Kaka! Nawajua watu wa mjini na ukaka wao. Kila ukurasa alikuwa yupo, anamwonya, anamcheka, anamshika mkono na kumvusha. Mimi kitabu changu nilikiandika ukurasa wa kwanza tu, kisha nikamwacha aende peke yake. Huyu alikuwa amemsindikiza mpaka mwisho.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi akiingia bafuni mimi naingia kwenye mkoba wake. Sikuwa natafuta barua wala picha. Nilitafuta maneno mapya ya kijani, na nikiyapata sikula chakula cha jioni, nisipoyapata nilidhani wameanza kuambiana kwa mdomo. Nilikonda. Mama mkwe akaanza kuniangalia tumboni kwa matumaini, akaniongezea mtori, na mtori nao nikauonea uchungu.

Ndipo nikakuta jani.

Lilikuwa katikati ya kitabu cha bluu, limelazwa vizuri, bado bichi. Jani la isale. Kwa msomaji asiyetoka huku kwetu, isale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa mpakani, kati ya kihamba hiki na kile. Lakini jani lake lina kazi nyingine. Mtu akikukosea, kisha akaja mbele yako ameshika isale, basi ameomba msamaha, na msamaha huo huwezi kuukataa hata kama bado una hasira mpaka kooni. Ndivyo tulivyolelewa. Wapo waliosamehe damu ya ndugu zao kwa sababu ya jani lile.

Nilisimama na lile jani, na akili ikafanya hesabu zake haraka. Kitabu ni cha yule mwanamke. Jani limo kitabuni. Kwa hiyo kati ya wawili wale kuna aliyemkosea mwenzake na kuna aliyeomba msamaha. Na isale hawapeani watu waliokutana maktaba! Wanapeana ndugu, majirani waliogombania mpaka, mke na mume. Wanapeana watu wenye kitu kati yao ambacho kinaweza kuvunjika. Mume wangu na mwanamke wa kalamu ya kijani walikuwa na kitu cha kuvunjika, kimevunjika, na wamekiunga.

Nikalitia jani kwenye pindo la kanga. Nilitaka alitafute alikose, ahangaike, nione sura yake. Lakini hakuhangaika. Baada ya chakula alikifungua kitabu, akapekua, akaniangalia, na uso wote ukafunguka. Jumapili kanisani aliimba kuliko kwaya. Alipoteremka mjini alikuwa anapiga mluzi kwenye migomba, na mimi mlangoni nikiwa na lile jani pindoni, nikisema moyoni, huyu mtu hata aibu ameshaimaliza.

Katikati ya wiki nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa, nikateremka mjini. Bwenini nilimwulizia mwenye kalamu ya kijani, wakanielekeza kwa binti aliyekaa kwenye benchi chini ya kamba za nguo, miwani usoni, mahindi ya kuchoma mkono mmoja na kitabu mapajani. Nilikuwa nimejiandaa kwa mrembo. Alikuwa mtu wa kawaida kabisa, kisigino cha kandambili kimelika, na wino wa kijani kwenye kidole. Hilo la ukawaida likaniuma zaidi, kwa sababu mrembo ningejua kashinda kwa nini.

"Shikamoo dada," akasema, akasimama.

"Marahaba. Mimi ni mke wa…"

"Wewe ndiye Mwalimu!" Alilifuta benchi kwa kiganja. "Kaa dada, karibu. Anakutaja mpaka tumechoka."

Sikukaa. Nilifungua pindo, nikaweka jani juu ya benchi, limeshakauka kidogo. "Hili ni la nani?"

Akalichukua, akaligeuza pande zote mbili kwa makini, akalinusa. "Ni dawa?"

"Usinifanyie mchezo. Ni isale."

"Isale ni nini, dada?"

Nikamtazama. Nikamuuliza kwao ni wapi. Akasema Songea. Nikamuuliza tena, kama mtu asiyesikia, akasema tena Songea, na kwamba huku amekuja kusoma tu, baridi inamwua. Kumbe muda wote ule nilikuwa nimemwazia kuwa Mchagga, kwa sababu tu sisi huku tunadhani kila anayemjua mtu wetu ni wa kwetu. Nilimweleza kwa kifupi, kwa ukali, kama nayasema makosa yake. Alisikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Nilipompa kitabu hakikuwa na jani. Na mimi hajanikosea kitu. Labda mimi ndiye niliyemkosea, maana nimemnyang'anya chake." Akacheka, akainua kile kilichokuwa mapajani. Kilikuwa kimefunikwa kwa karatasi ya kalenda ili kisichafuke. Akafungua ukurasa wa kwanza, na mwandiko wangu wa ubaoni ukanitazama. *Ni mimi, Mwalimu wako.*

"Mimi sasa nimepangiwa wodi ya watoto wachanga," akasema. "Hiki chako ni cha mahututi wachanga, hakipatikani mji huu wote. Wodi aliyoko kaka ni ya watu wazima, kisingemfaa. Tukabadilishana mpaka zamu ziishe. Hakukuambia?"

Basi hilo ndilo lilikuwa neno la mbele ya maneno makubwa. Wachanga.

"Ulikichaguaje, dada?" akauliza, na aliuliza kwa heshima kabisa.

"Kwa dibaji."

"Mimi huchagua kwa faharasa," akasema. "Nafungua nyuma kwanza. Mtu akiwa anakata pumzi mbele yangu, sina muda wa kutafuta. Lakini hii dibaji yako nimeisoma, ni nzuri. Na yale maneno yako pia niliyasoma, unisamehe." Kisha akasema lile ambalo naamini alilisema kwa wema tu. "Kaka sasa anaendeleaje? Alipompoteza yule mgonjwa wake wa kwanza, tulidhani ataacha masomo. Nilimkuta kwenye ngazi za nyuma analia, dada, analia mpaka miwani yangu ikaingia ukungu."

Nilikuwa sijui habari ya mgonjwa. Nilikuwa sijui habari ya ngazi. Nimeishi na mume wangu, nimezika naye baba yake, na sijawahi kuona chozi lake. Binti akaniangalia usoni, nikaona anaelewa kwamba sikujua, na hilo nikalizuia haraka.

"Ndiyo," nikasema. "Aliniambia."

Alinisindikiza mpaka barabarani. Nilipanda mlima nikiwa na hasira mpya kabisa, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imenyang'anywa sababu yake. Jani lilikuwa la mume wangu. Alilikata mpakani kwetu, akalitia kwenye kitabu alichojua nitakipekua, akaniomba msamaha kwa kukitoa kitabu changu. Na mimi nililitoa, naye akaona limetolewa, akaimba kanisani. Kwa hiyo alikuwa anajua kila Jumamosi kwamba nikisikia maji bafuni naingia mkobani! Sikujua kipi kinaniudhi zaidi, kwamba alijua au kwamba alikuwa ananichekea kimoyomoyo.

Jumamosi alikuja na mvua. Nilimngoja akae.

"Nilikwenda mjini," nikasema. "Nilikuwa na jani, nikalipeleka kwa mwenyewe."

Ilimchukua muda kuelewa. "Mwenyewe nani? Lilikuwa lako. Si ulilichukua? Nikajua umenisamehe."

"Isale haiokotwi kitabuni. Inaletwa mkononi."

"Ningekuambiaje, Mwalimu? Ulikileta umekikumbatia. Ningesema umenunua cha watoto?"

Mama mkwe, aliyekuwa jikoni na masikio yake yote, akatokeza kichwa. Hakuuliza nani kamkosea nani. "Nenda kakate," akamwambia mwanawe.

Alitoka na viatu vyake vya wodini, akapita kwenye matope mpaka mpakani, akarudi ameshika jani linachuruzika maji. Akasimama mbele yangu nalo kwa mikono miwili, mtu mzima, daktari mtarajiwa, koti limelowa. Nikalipokea. Lazima upokee.

"Kitabu nimekusamehe," nikasema. "Sasa niambie habari za yule mgonjwa wako wa kwanza."

Akakaa. Mama mkwe akarudi jikoni. Mume wangu akavua koti lililolowa, akalitundika nyuma ya kiti, kisha akaanza. Akaniambia alikuwa mwanamume wa makamo, aliletwa lini na akiwa katika hali gani, mashine ilikuwa inasema nini, dawa gani iliongezwa na kwa nini, bingwa aliamua nini, na mwishowe ikawaje. Aliniambia yote kwa mpangilio, bila kubabaika, mikono imetulia juu ya magoti, kama anavyojibiwa bingwa kando ya kitanda.

Nilingoja. Nililishika lile jani bichi mapajani, nikangoja amalize, na alipomaliza nikaendelea kungoja. Akaniuliza kama chai ipo.

Miaka imepita. Kitabu changu kilirudi zamu zilipoisha, na cha bluu kikarudi kwa mwenyewe. Yule binti sasa ni bingwa wa watoto, tunasalimiana vizuri, na alipozaliwa wetu wa kwanza ni yeye aliyempokea. Sina neno naye. Lakini mume wangu aliwahi kulia mbele ya mtu, na mtu huyo alikuwa yeye. Kwangu hakulia siku ile, na hajalia mpaka leo.